Fundi Bomba Aliyesahau Kijiko

Kazi yangu ni kupanda na kushuka.
Lifti ya reli, mlima mmoja wa Valparaíso,
mita hamsini juu, mita hamsini chini,
na kati ya abiria na abiria, kitabu pajani.
Hiki nimekisoma mara nne. Jalada lilibanduka,
nikaligandisha kwa plasta ya kidonda.

Baldomero, fundi bomba, anaingia chumba cha barafu cha muuza samaki
kuziba bomba linalovuja,
anatokea mwaka hamsini na tano, koti limejaa magamba.
Ana siku kumi na moja za kuizuia treni
isifike darajani.
Ndiyo hadithi. Lakini utamu hauko kwenye treni,
uko kwenye bei:
kila anapoisogeza historia, hata kwa ukucha,
neno moja linamtoka kichwani, halirudi.

Anamchelewesha mpiga ishara wa stesheni: kijiko kinamtoka.
Amekaa mbele ya supu, anakitazama kile kitu kinachong'aa,
na mwandishi, mjanja yule, haandiki chochote,
anaacha weupe katikati ya sentensi
kama pengo la jino.

Nolberto aliyeniazima kitabu
(hakukidai tena, alikwenda migodini Antofagasta, kisha kimya)
aliyajaza mapengo kwa penseli.
Kijiko. Ngazi. Chumvi.
Mwandiko wa mtu anayelamba ncha kwanza.

Basi waliposema imekuwa tamthilia ya televisheni, vipindi sita,
nilinuna. Weupe wa karatasi utaupigaje picha?
Jumapili tukajazana kwa Clorinda, mvua ya Julai,
yeye akikaanga sopaipilla za boga,
mimi nimekaa mbele kama hakimu.

Kofia si nyekundu, nikasema, kitabuni ni ya kijani.
Na dada yake wamemfuta!
Na chumba cha barafu kimekuwa kabati!
"Edelmira," akasema Clorinda, "tuachie nasi tuone."
Kisha ikaja supu.
Mwigizaji akafungua kinywa.
Hakuna muziki. Hata mlio wa sahani wameuzima.
Kinywa wazi, ulimi unapapasa,
na sisi, watu wazima saba, tukanong'ona kwa pamoja:
kijiko, kijiko, kijiko.

Hapo nikasalimu amri.
Kumbe mwongozaji naye ni msafiri:
kaingia zamani za kitabu, kasogeza hiki, kabadili kile,
na bei yake kailipa, maskini, kwa yule dada.

Kipindi cha tano, don Eulogio, ambaye kwa kawaida husinzia,
akauliza macho yamefumba:
"Treni moja tu? Mbona asiende ile asubuhi ya Septemba?"
Hakutaja mwaka.
Sopaipilla zikapoa mikononi.
Clorinda akatazama picha ya ukutani, kisha dirisha.
Nikapiga hesabu moyoni, kwa bei ya kitabuni:
maneno mangapi kuizuia asubuhi ile?
Kijiko, ngazi, chumvi, majina ya siku, viungo vyote vya mwili...
Angefika mlangoni bubu,
asiweze hata kusema: msitoke.
"Nipe haradali," akasema don Eulogio,
tukaendelea kutazama.

Mwisho wameubadilisha.
Kitabuni treni inasimama, mwanamke anashuka,
Baldomero anataka kumwita:
weupe, halafu nukta.
Kwenye skrini mwanamke anageuka, anamtajia jina lake mwenyewe
kama unavyomjibu mtu aliyekuuliza saa.
Nimelia kwa yote mawili. Upi wa kweli, sijui, wala sijali.

Leo ukungu, abiria mmoja na baiskeli yake.
Nimefungua tena ukurasa wa mwisho.
Pengo lile Nolberto hakulijaza.
Au niseme alilijaza, akafuta:
ukiiinamisha karatasi kwenye mwanga
kuna vijifereji vya herufi nane.

Edelmira ina nane.
Na Clorinda pia.

Kengele inalia huko juu.
Napandisha baiskeli.